Kinachobaki Jinoni Baada ya Kupiga Mswaki

Katika tarafa ya Idodi, kando ya barabara itokayo Iringa kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kama ilivyo kwingineko nchini, mgonjwa wa meno huweza kumuuliza mhudumu ni dawa ipi ya meno iliyo bora. Swali lenye uzito zaidi ni hili: ni kiasi gani cha dawa hiyo hubaki jinoni baada ya mswaki kuwekwa chini?

Enameli, tabaka gumu la nje ya jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, hasa kalisi na fosfati. Jino likishasafishwa, protini za mate hulifunika ndani ya dakika chache kwa utando mwembamba usioonekana.

Dawa ya meno huwa na polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama shanga katika uzi. Mojawapo ni gundi ya selulosi, inayozuia maji na unga wa dawa visitengane. Nyingi kati ya polima hizi zina chaji hasi, nayo kalisi ya jino ina chaji chanya, hivyo huvutana. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini uzi mmoja hushika mahali pengi kwa pamoja. Gundi ya meno bandia nayo hutumia polima za namna hiyo: hufyonza mate, huvimba na kuziba nafasi iliyopo juu ya ufizi.

Hata hivyo, maji mengi huondoa polima pamoja na floraidi. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa kiwango cha sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni. Anayesukutua kwa maji mara tatu huimwaga kinga aliyoinunua. Ateme povu, asisukutue.

Kwa mgonjwa wa fizi aliyeandikiwa klorheksidini, tahadhari ni nyingine. Dawa hiyo ina chaji chanya, ndiyo maana hung'ang'ania kinywani kwa saa kadhaa. Lakini sabuni iliyomo katika dawa ya meno huinasa na kuidhoofisha. Apitishe walau nusu saa baada ya kupiga mswaki ndipo aitumie.

Mhudumu akiyaeleza haya mawili kabla mgonjwa hajaondoka, humwongezea kinga bila kumwongezea gharama.