Bariadi inakua, mzazi tazama kisima chako

Miaka ya nyuma ukimuuliza mtu wa Bariadi anatoka mkoa gani, jibu lilikuwa Shinyanga. Mtoto akizidiwa, familia ilijipanga kwa safari ya Shinyanga mjini au Bugando, Mwanza.

Mambo yalibadilika mwaka 2012 Serikali ilipoanzisha Mkoa wa Simiyu na kuifanya Bariadi makao makuu. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikatoka Mwanza, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Jina ni la Mto Simiyu, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria.

Kabla ya ofisi za mkoa, mji huu ulibebwa na pamba. Msimu wa kuuza ukifunguliwa, fedha huingia majumbani: ada hulipwa, bati hununuliwa, ng'ombe huongezwa. Baada ya 2012 walikuja watumishi, wafanyabiashara na wajenzi. Barabara ya lami kutoka Lamadi imeusogeza mji karibu na Mwanza, na sasa ipo hospitali ya rufaa ya mkoa.

Takwimu za sensa zinaonyesha kasi hiyo. Mwaka 2012 mkoa mzima ulikuwa na watu 1,584,157. Mwaka 2022 walikuwa 2,140,497. Ni ongezeko la zaidi ya watu 550,000 ndani ya miaka kumi.

Kwa mzazi, ukuaji huu una upande ambao hauonekani barabarani. Kisima kilichochimbwa wakati jirani yuko mbali, leo kinaweza kuwa kimezungukwa na nyumba, na kila nyumba ina choo. Kisima hakijahama, ila vyoo ndivyo vilivyokisogelea. Maji yanaweza kuonekana meupe kama zamani huku yakiwa yamebeba vimelea vya kuhara, kipindupindu au homa ya matumbo.

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu umebeba matumaini ya wengi. Lakini mtoto anakunywa maji leo, hawezi kusubiri bomba lifike.

Kwa hiyo anza na vitu vilivyo ndani ya uwezo wako. Pima kwa hatua kutoka kisimani hadi choo kilicho karibu, cha kwako au cha jirani. Umbali unaoshauriwa ni angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Unaponunua kiwanja, uliza jambo hili kabla ya kulipa.

Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa angalau dakika moja, kisha yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Mtoto asichote kwa kikombe alichonywea. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS mapema na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Kituoni atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14; asiviache kwa sababu tu kuhara kumekoma. Ukiona macho yameingia ndani, damu kwenye choo, anatapika kila kitu au amelegea, usingoje kesho.

Safari ya hospitali imekuwa fupi kuliko ya bibi zetu. Tusiipoteze nafasi hiyo kwa kuchelewa nyumbani.