Ruba, pembe na wembe: ya kujua kabla, wakati na baada ya kutolewa damu

Wamama wapendwa wa Lac Vert, wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini: kutolewa damu ili maumivu yapungue. Magoti yanauma, mgongo unauma, kichwa kinagonga. Si ajabu. Mama anayepanda kutoka ziwani na bidoni ya litre 20 juu ya mawe ya volkano, kesho yake akabeba gunia la makala, lazima mwili utalalamika. Wengine wanaenda kulumikwa kwa pembe. Na siku hizi wanaona kwenye simu watu wa ng'ambo wakiwekewa ruba, wale wadudu wa majini wanaonyonya damu, na wanauliza: je, hiyo ni dawa kweli? Na sisi tunaweza kuifanya nyumbani?

Jibu letu ni hili: ni dawa kweli, kwa magonjwa machache, mikononi mwa waganga wa hospitali. Nyumbani, hapana. Tuangalie sababu.

Ruba ni nani

Wengine wanamwita mruba, na wanaosema Kinyarwanda wanamwita umusundwe. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka katika Mithali, anakotajwa kama kiumbe asiyeshiba. Ana mdomo wenye taya tatu na vijino vidogo vingi. Anapouma, anaingiza mate yenye dawa inayozuia damu kuganda. Mwaka 1884 Mwingereza John Haycraft ndiye aliyeonyesha kwamba dawa hiyo imo ndani ya ruba. Baadaye ikaitwa hirudini. Kwa sababu hiyo kidonda cha ruba kinaendelea kutoa damu hata baada ya mdudu mwenyewe kuondoka.

Zamani watu wa Ulaya walizidisha. Katika Ufaransa, daktari Broussais alifundisha kwamba karibu kila ugonjwa unatibiwa kwa kutoa damu, na mwaka 1833 peke yake nchi hiyo ilinunua ruba zaidi ya milioni 41 kutoka nje. Wagonjwa wengi walidhoofishwa tu. Baadaye waganga wakaiacha njia hiyo.

Imerudi kwa kazi maalumu. Mtu akikatwa kidole na mashine, daktari wa upasuaji anaweza kukishona tena. Mara nyingine damu inaingia kwenye kidole lakini haipati njia ya kutoka, kidole kinavimba na kuwa cheusi. Hapo ruba anavuta ile damu iliyokwama, siku chache, mpaka mishipa midogo ijifungue. Mwaka 2004 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilikubali ruba watumiwe kwa kazi hiyo.

Na magoti? Huko Essen, Ujerumani, madaktari waliwajaribu watu 51 wenye magoti yaliyochakaa, na mwaka 2003 wakatangaza matokeo. Waliowekewa ruba mara moja walipata nafuu ya maumivu katika wiki ya kwanza kuliko waliopakwa dawa ya kuchua. Baada ya wiki hiyo tofauti ya maumivu ilipungua, ingawa goti liliendelea kukunjika vizuri zaidi. Kwa hiyo ni nafuu. Goti lililochakaa halirudi kuwa jipya.

Kabla

Hospitali inayotumia ruba inaanza na maswali. Una mimba? Una upungufu wa damu? Unakunywa aspirini au dawa nyingine inayofanya damu iwe nyepesi? Katika familia yenu kuna mtu ambaye akijikata damu haikatiki? Una sukari, au ugonjwa unaopunguza nguvu za mwili kupigana na vijidudu? Halafu wanapima damu yako. Mwanamke asiye na mimba mwenye hemoglobini chini ya 12 anahesabiwa kuwa na upungufu. Mwenye mimba, chini ya 11.

Mgonjwa anaambiwa ale na anywe maji vizuri. Ngozi inaoshwa kwa maji tu, bila mafuta wala manukato, kwa sababu ruba akisikia harufu hiyo hataki kuuma. Anapewa pia antibiotiki, kwa maana tumboni mwa ruba wanaishi vijidudu vinavyoitwa Aeromonas, ambavyo vinaweza kuozesha kidonda.

Wakati

Ruba anashikwa kwa koleo ndogo na kuwekwa mahali panapotakiwa. Kuuma kwake kunafanana na kuumwa na mdudu mdogo: kunachoma kidogo, halafu kunatulia. Ananyonya dakika 20 mpaka saa moja, na kiasi anachokunywa ni kati ya kijiko kidogo na kijiko kikubwa cha damu. Muuguzi anabaki karibu ili mdudu asitambae kwenda pengine.

Akishiba anaanguka mwenyewe. Asivutwe kwa nguvu, wala asimwagiwe chumvi au kuchomwa moto, kwa sababu anaweza kutapika ndani ya kidonda. Ruba aliyetumika kwa mtu mmoja hawekwi kwa mwingine kamwe. Anauawa katika alkoli na kutupwa pamoja na takataka za hospitali.

Baada

Hapa ndipo wengi wanaogopa. Kidonda kinaendelea kutoa damu polepole kwa saa nyingi, mara nyingine siku nzima. Kinafungwa bandeji nene inayobadilishwa ikilowa. Mgonjwa asiende kubeba mzigo siku hiyo. Siku zinazofuata ngozi inawasha na inakuwa nyekundu, usikune. Linabaki alama ndogo yenye miale mitatu, kama ile nyota ya gari la Mercedes.

Arudi hospitali upesi akiona damu inatoka kwa wingi bila kukatika, kizunguzungu, moyo kupiga mbio, homa, usaha, au wekundu unaopanda mkono au mguu. Waliotibiwa siku nyingi, kama wale wa vidole, mara nyingine wanahitaji kuongezewa damu. Basi mahali pasipo na maabara wala damu ya akiba, hii si dawa ya kujaribu.

Hesabu ya mtoto

Mtu mzima ana damu karibu litre 5. Mtoto wa kilo 10 ana karibu mililita 800, yaani chini ya litre moja. Damu ambayo kwa mama ni kidogo, kwa mtoto ni nyingi. Tena hapa kwetu malaria inakula damu ya watoto, na mimba zinazofuatana bila kupumzika zinakula damu ya mama. Mtoto mweupe viganjani, anayechoka na kupumua haraka, anahitaji kupimwa na huenda kuongezewa damu. Kumchanja ili "damu mbaya itoke" ni kumpunguzia ile kidogo aliyobakiwa nayo.

Mkumbuke hata anayejitolea kutoa damu kwa ajili ya wengine anapimwa kwanza. Akikutwa na damu chache, anarudishwa nyumbani.

Pembe na wembe

Ruba ni wachache, lakini pembe na wembe viko karibu nasi. Hatuji kuwatukana wazee wetu waliolumika watu kwa nia njema. Ila wembe mmoja kwa watu wawili ni njia ya UKIMWI na ya ugonjwa wa ini. Kijidudu cha ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, siku 7. Kufuta wembe kwa kitambaa hakutoshi, na pembe iliyogusa damu ya mwenzako inabeba hatari ileile.

Ebola ilitufundisha pia. Ugonjwa uliotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ukafika Goma mwaka 2019, ulienea Beni kwa sehemu kupitia vituo vidogo vya matibabu ambako vyombo na vitanda vilitumiwa na wagonjwa wengi bila usafi wa kutosha.

Tufanye nini

Maumivu ya magoti na mgongo yasidharauliwe. Gawanya mzigo: bidoni mbili za litre 10 kwa safari mbili ni bora kuliko moja ya 20. Watoto wakubwa na baba wa nyumba nao wana mikono. Goti likivimba, likiwa na moto, au maumivu yakikuamsha usiku, nenda kituo cha afya. Wakiona lazima, watakutuma hospitali, kama Kyeshero au Ndosho.

Ruba aliyemshika mtoto ziwani au mtoni, mwondoe kwa kupitisha ukucha chini ya mdomo wake, kisha osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Akiwa ameingia puani au kooni, usimvute. Kimbiza mtoto hospitali. Wala mtu asikamate ruba wa maji ya nje ili ajitibu naye, kwa maana hatujui alinyonya nani kabla yako.

Na yeyote akitaka kukutoa damu, kwa ruba, kwa pembe au kwa wembe, umuulize maswali matatu: Damu yangu umeipima? Chombo hiki kilimgusa nani kabla yangu? Damu ikikataa kukatika, utanipeleka wapi? Akikosa jibu hata kwa moja, mama, chukua kitenge chako uende nyumbani.