MASOMO YA JUU YA TIBA YA VIUNGO: NJIA NI IPI, NA FAIDA NI YA NANI?



Katika mikutano ya matawi yetu ya Gitega na Muyinga kuna swali linalorudi mara kwa mara. Wazazi wanaofanya kazi katika viwanda vya kahawa na katika mashamba wanauliza: mtoto wetu amemaliza sekondari, anataka kusomea tiba ya viungo mpaka shahada ya pili. Ni kazi gani hiyo? Inasomwa wapi? Tuuze shamba ili asome? Maswali haya ni ya haki, maana fedha ya mfanyakazi haiokotwi njiani. Tutayajibu moja moja.

KAZI YENYEWE

Waliosoma kwa Kifaransa huiita kinezitherapi. Wenzetu wa Tanzania na Kenya husema fiziotherapia. Kazi ni ile ile: kumrudishia mtu uwezo wa kusimama, kutembea, kushika na kubeba, baada ya ajali, kupooza, kuvunjika mfupa au ugonjwa. Mtaalamu hutumia mikono yake, mazoezi yaliyopimwa na vyombo. Si mkandaji wa mtaani, wala si daktari wa kupasua. Pia si fundi wa miguu ya bandia, ingawa hawa wawili hufanya kazi bega kwa bega. Hapa Gitega tunacho kituo cha taifa cha viungo vya bandia na mazoezi, kile tunachokiita CNAR. Huko mtu anaweza kuona kazi zote mbili kwa macho yake.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1894 wauguzi 4 wa Uingereza waliunda chama ili kuilinda kazi yao isichafuliwe na matapeli. Mwaka 1951 vyama vya nchi 11 vilikutana Copenhagen na kuunda chama cha dunia. Someni vizuri hapo, ndugu: heshima ya kazi hii ilijengwa na wafanyakazi waliojiunga pamoja.

INATUHUSU VIPI SISI?

Gunia la kahawa safi lina kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Dunia, ILO, lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mwepesi zaidi. Kwa hiyo gunia moja tu limekwisha kupita kipimo, na mpakiaji habebi gunia moja kwa siku. Bandu bandu huisha gogo. Mgongo hauvunjiki siku moja. Unaliwa kidogo kidogo. Mama anayeinama siku nzima juu ya vitanda vya kuanikia kahawa naye anaumia mgongo na shingo.

Katika kiwanda kimoja nilikofika kwa kazi ya chama, mpakiaji aliyeumia kiuno alipewa vidonge na siku chache za kupumzika, kisha akarudishwa kwenye magunia yale yale. Hakuna aliyempima anavyoinama, wala aliyemfundisha zoezi hata moja. Baada ya msimu mmoja alikuwa hawezi kazi yoyote. Mtu huyo hakukosa dawa. Alimkosa mtu wa kumtibu viungo na kumwambia mwajiri: huyu apewe kazi nyingine kwanza.

NGAZI ZA MASOMO

Ngazi ya kwanza ni sekondari. Anayetaka kazi hii ashike sana biolojia, fizikia na kemia. Fizikia, kwa sababu mwili una nguzo, kamba na mizani yake. Anayetibu goti lazima ajue uzito unavyopita ndani yake.

Ngazi ya pili ni shahada ya kwanza. Katika mfumo wa BMD tunaoufuata Burundi, shahada ya kwanza ni miaka 3, ya pili ni miaka 2, na udaktari ni miaka 3. Nchi nyingine shahada ya kwanza huchukua miaka 4. Hapo mwanafunzi hujifunza mifupa, misuli, neva, moyo na mapafu, halafu hupelekwa hospitalini kutibu wagonjwa chini ya macho ya mkubwa wake.

Ngazi ya tatu ni shahada ya pili, ambayo wengi huiita masta. Hapa mtu huchagua tawi moja, kama vile watoto, waliopooza, au maumivu ya kazini. Hujifunza kufanya utafiti na huandika kitabu cha utafiti wake. Shahada hii humwandaa kufundisha wengine, kuongoza idara, na kupima kama tiba fulani inafaa kweli.

Sasa sikilizeni jambo linalowachanganya wengi. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, mwenye shahada ya kwanza na kibali anaruhusiwa kutibu. Marekani ni tofauti: huko mtu humaliza kwanza shahada ya kwanza, kisha husoma karibu miaka 3 mingine kupata udaktari wa tiba ya viungo, na bado hufanya mtihani wa kibali. Udaktari huo haumfanyi kuwa daktari wa dawa na upasuaji. Ufaransa, tangu mwaka 2021, cheti cha serikali cha kazi hii kina daraja la shahada ya pili. Kwa hiyo neno "masta" peke yake halitoshi. Ulizeni: ni masta ya nchi gani, na inampa mtu ruhusa ya kufanya nini?

WAPI PA KUSOMA

Anzeni nyumbani. Ulizeni katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Jamii, INSP, Bujumbura, mwaka huu wanapokea wanafunzi wa fani gani na kwa masharti gani.

Jirani zetu nao wana shule. Kigali, chuo cha afya kilichoanzishwa mwaka 1996 kilifundisha kazi hii, na tangu 2013 kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Uganda kuna Chuo Kikuu cha Mbarara. Tanzania kuna Moshi, penye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971; hapo hapo kipo chuo cha mafundi wa viungo vya bandia, TATCOT, tangu 1981. Kwa mtu wa Muyinga, njia ya Tanzania kupitia Kobero si ya mbali. Kwa shahada ya pili, Wanyarwanda wengi wa kazi hii walisoma Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini.

Shule hizo zote hufundisha kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa aanze kujifunza Kiingereza mapema, asingoje siku ya kupanda basi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, hakikisheni shule inatambuliwa na serikali ya nchi yake, na kwamba cheti chake kitakubaliwa Burundi. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Hilo ni jema, lakini kibali cha kutibu wagonjwa bado hutolewa na kila nchi kwa sheria yake.

Pili, msiuze shamba kwa ajili ya shahada ya pili wakati ya kwanza haijapatikana. Kwa familia ya mfanyakazi, njia iliyo salama zaidi ni hii: asome shahada ya kwanza, afanye kazi miaka miwili au mitatu, ajue wagonjwa, aweke akiba, ndipo atafute ufadhili wa shahada ya pili. Akienda hivyo atajua anataka kutafiti nini.

Tatu, mwajiri au mfadhili akilipa karo, someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Je, atatakiwa kutumika miaka mingapi? Akishindwa masomo, atadaiwa nini?

KAZI YA CHAMA

Si kila mtoto wetu atafika masta, lakini kila mfanyakazi ana mgongo. Kwa hiyo matawi yadai mambo matatu katika mapatano na waajiri. La kwanza, likizo ya masomo yenye malipo, kama Mkataba wa ILO nambari 140 wa mwaka 1974 unavyoeleza. La pili, mizigo ipunguzwe, na vigari vya kusukuma viletwe. La tatu, aliyeumia atibiwe viungo na apewe kazi anayoiweza. Mkataba nambari 159 wa mwaka 1983 unahusu jambo hilo hilo.

Na kila ajali ya kazini iandikishwe INSS bila kukawia, hata kama mwajiri anasema ni kidogo. Ajali isiyoandikwa ni kama haikutokea, na kiuno kisichoandikwa hulipwa na mwenyewe.

Wazazi wenye barua za kukubaliwa shuleni wazilete kwenye tawi, tuzisome pamoja kabla ya siku ya kulipa.