Motokaa ya Zamani: Vipimo vya Injini na Oili Yake

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema na wale walionunua motokaa ya zamani kwa mara ya kwanza, labda MGB, Morris Minor au Land Rover ya miaka ya 1960. Wengi wao wamezoea motokaa za siku hizi, ambazo kompyuta huilinda injini na kumwonya dereva mapema. Motokaa ya zamani haina mlinzi huyo. Mlinzi wake ni dereva mwenyewe, akiwa na vipimo vichache vilivyo mbele yake.

Kwanza tuitazame kazi ya oili. Krankshafti huzunguka katika beringi za chuma laini, lakini injini ikiwa nzima vyuma hivyo havigusani: baina yao hupita utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Utando huo ukikatika, vyuma husagana, na injini yaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Ndiyo sababu twakiweka kipimo cha shinikizo la oili mbele ya vyote.

Tuchukue MGB, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1962 hadi 1980. Injini ikisha kupata moto, na motokaa iko mwendoni, akrabu yapasa kuonyesha ratili 50 hadi 80 kwa kila inchi ya mraba. Motokaa ikisimama na injini ikinguruma polepole, ratili 10 hadi 25 zatosha. Mgeni huingiwa na hofu aonapo akrabu ikishuka anaposimama njia panda. Asiogope: oili yenye moto ni nyepesi, na pampu wakati huo huzunguka polepole. La maana ni kuijua desturi ya injini yake mwenyewe. Ikiwa jana ilionyesha 60, na leo, kwa mwendo ule ule na joto lile lile, yaonyesha 35, basi pana jambo, na fundi aitwe.

Morris Minor haina kipimo hicho. Ina taa tu, na hapa ndipo wengi hupotea. Taa hiyo si ya kukumbusha kuongeza oili. Huwaka shinikizo likiwa limekwisha kuanguka. Ikiwaka mwendoni, dereva asogee kando na kuzima injini papo hapo, wala asijiambie kwamba atafika mji wa mbele. Kuvutwa kwa kamba ni aibu ndogo, lakini kuchonga krankshafti upya na kuagiza beringi kutoka ng'ambo ni gharama kubwa.

Kipimo cha joto nacho kina hila yake. Akrabu ikipanda katika mlima mrefu, dereva apumzishe injini. Hilo wajulikana nalo wengi. Lakini ikipanda, kisha ikaanguka ghafula, asidhani kwamba injini imepoa. Huenda maji yamekwisha, na kile kidude kipimacho joto kimebaki hewani. Wala asifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maana maji yatamrukia na kumwunguza.

Kiasi cha oili hakijulikani kwa kipimo cha shinikizo. Hujulikana kwa kijiti chake, motokaa ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache.

Sasa juu ya oili yenyewe. Oili nyepesi mno za siku hizi, kama 0W-20, zilifanyizwa kwa injini nyingine kabisa. Kwa MGB katika nchi za joto twashauri 20W-50. Tena oili nyingi za motokaa mpya zimepunguzwa zinki na fosforasi, kwa kuwa fosforasi huharibu chombo cha kusafisha moshi kilichomo katika ekzosi. Kamshafti ya zamani husuguana na tapeti zake chuma kwa chuma, na mchanganyiko huo ndio kinga yake. Basi itafutwe oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za zamani.

Motokaa hizi hukaa sana bandani, na safari fupi fupi huacha maji na asidi ndani ya oili. Kwa hiyo ibadilishwe kila maili 3,000, au mara moja kwa mwaka hata kama maili hizo hazijatimia, pamoja na filta yake, na imwagwe injini ikiwa bado ina vuguvugu.