UDUGU WENYE GHARAMA

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii twaiona ikithibitika kwa Tunisia na Algeria, nchi mbili jirani za pwani ya Mediterania.

Jumamosi, tarehe 8 Februari 1958, ilikuwa siku ya soko katika kijiji cha Sakiet Sidi Youssef, nchini Tunisia, karibu na mpaka wa Algeria. Ndege za Ufaransa zilikuja zikakipiga mabomu. Watu wapatao 70 waliuawa, wakiwamo watoto wa shule. Kosa la Tunisia machoni pa Ufaransa lilikuwa nini? Kuwahifadhi wapigania uhuru wa Algeria.

Je, Tunisia iliwafukuza wageni wake? La hasha! Iliwahifadhi hata Algeria ikapata uhuru mwaka 1962.

Udugu huo ni wa kale. Mtakatifu Augustino alizaliwa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akasoma Carthage, karibu na Tunis. Karne nyingi baadaye Ben Badis, mwanachuoni wa Algeria, naye alisoma katika msikiti wa Zitouna mjini Tunis.

Hatusemi kwamba hawakukosana kamwe. Walizozana juu ya mpaka wa jangwani. Wakalimaliza shauri hilo kwa mkataba mwaka 1970, na mwaka 1983 wakatia sahihi mkataba wa udugu.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, tujifunze hapa. Mshikamano una gharama yake, na asiyekuwa tayari kuilipa asijiite ndugu.