Mili au dakika? Ukichanganya vipimo, shabaha unaikosa

Tuseme umeitwa intavyu ya kazi. Ujumbe kwenye simu unasema, "Fika kesho saa mbili." Wewe umezoea kusoma saa kwa Kizungu, basi unaweka alamu ya kukuandaa kwa 2:00 mchana na kulala fofofo. Kesho yake unafika saa nane, tai imenyooka, viatu vinang'aa. Mlinzi wa getini anakuangalia kwa huruma. Wenzako walihojiwa asubuhi wakaenda zao.

Hakuna aliyekosea kuhesabu hapo. Nambari ilikuwa ile ile, mbili. Kilichokuponza ni kipimo.

Wapiga shabaha wa masafa marefu wanaijua balaa hii vizuri sana. Hapa Kenya raia hawezi kumiliki bunduki bila leseni, kwa hivyo huenda bunduki pekee uliyowahi kushika ni ya gemu kwenye simu. Lakini Marekani huu ni mchezo wenye mashindano yake, na swali moja huzua ubishi kila mara: darubini ya bunduki irekebishwe kwa dakika au kwa mili?

Usiogope, hesabu yenyewe si ngumu. Darubini huwa na vifundo unavyovizungusha, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Kila ukizungusha kidogo unasikia "tik". Ile tik haisongezi risasi kwa sentimita. Inabadilisha pembe. Na pembe hiyo inaweza kupimwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni dakika. Chukua digrii moja, igawe mara 60, kipande kimoja ndicho dakika. Ukiwa mita 100 kutoka kwa shabaha, dakika moja ni karibu sentimita 2.9. Darubini nyingi za aina hii husonga robo dakika kwa kila tik.

Ya pili ni mili, yaani sehemu moja ya elfu ya radiani. Ukiwa mita 100, mili moja ni sentimita 10. Ukiwa mita 1,000, ni mita moja kamili. Hapa tik moja kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya mili. Mili moja ni sawa na dakika 3.44 hivi.

Sasa cheki mambo yanavyoharibika. Uko mita 600 na risasi imeanguka sentimita 60 chini ya shabaha. Unachungulia kwenye kioo, na zile alama za msalaba zinakuonyesha umekosea kwa mili moja. Kama kifundo chako pia ni cha mili, unazungusha tik 10 na mambo yako fiti.

Lakini kuna darubini ambazo alama za ndani ni za mili, na vifundo vya nje ni vya dakika. Ukisoma "moja" kwenye kioo, kisha ukazungusha "moja" kwenye kifundo, hizo ni tik nne tu. Umerekebisha sentimita 17 na nusu. Risasi inayofuata bado iko chini kwa zaidi ya sentimita 42, na wewe unaanza kulaumu upepo, bunduki, hata kifungua kinywa. Ulihitaji tik 14.

Kinyume chake ni noma zaidi. Mwenzako anayekutazamia anasema "panda tatu na nusu", akimaanisha dakika. Wewe unazungusha mili tatu na nusu. Risasi inapita mita moja na nusu juu ya shabaha. Kwenye mashindano umepoteza pointi. Kwa mwindaji, risasi iliyokwenda kusikotarajiwa ni hatari kwa walio ng'ambo ya pale.

Kuna uongo mmoja unaozunguka sana, kwamba mili ni ya watu wa mita na dakika ni ya watu wa inchi. Hapana. Zote ni pembe tu. Mili moja kwa umbali wa yadi 1,000 ni yadi moja. Na hata mili zenyewe si moja: majeshi ya NATO huugawa mduara kwa mili 6,400, jeshi la Kisovieti liliugawa kwa 6,000, ilhali hesabu halisi ya radiani inatoa karibu 6,283.

Unataka kuona mili kwa macho yako bila bunduki? Mwambie rafiki asimamishe rula mita moja kutoka jichoni mwako. Kila milimita kwenye ile rula ni mili moja. Sasa tafuta mahali unapoliona jumba la KICC kutoka chini hadi juu. Lina urefu wa mita 105. Likifunika milimita 105 kwenye rula, basi uko karibu kilomita moja kutoka hapo. Pembe hiyo hiyo ni digrii sita, yaani dakika 360. Jengo halijabadilika, ila nambari zimetoka 105 hadi 360.

Basi anayetaka kuhama kutoka dakika hadi mili afanyeje? Kwanza, achague kipimo wanachotumia wenzake, maana maelekezo hutoka kwao. Pili, alama za ndani na vifundo vya nje viwe vya aina moja. Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, asikae akizidisha kwa 3.44 kichwani huku saa ikimkimbiza. Atengeneze jedwali jipya la umbali kwa mili, lile la zamani aliweke kando, kisha afanye mazoezi hadi mkono uzoee.

Ni kama saa ya Kiswahili. Aliyeizoea hajumlishi wala kutoa sita. Anasikia saa mbili asubuhi, anaona jua likipanda na msongamano barabarani.

Kwa hivyo mtu akikupa nambari, iwe ya pembe, ya saa au ya futi pale mjengoni, usione haya kuuliza: "Kwa kipimo gani?" Swali hilo halichukui hata sekunde tano. Intavyu iliyokupita hairudi.