Kibali cha Ujenzi Huanzia Kwenye Ramani

Watu wengi hufika ofisi ya ardhi ya halmashauri wakiwa wamekwisha fanya kila kitu. Kiwanja kimenunuliwa, mchoraji amelipwa, tofali zimefyatuliwa, fundi anangoja simu tu. Kwao kilichobaki ni muhuri. Kisha afisa mipango miji anafungua mchoro wa eneo lile na kuwaonyesha kuwa kipande walichonunua kimetengwa kwa ajili ya shule. Nyumba imechorwa vizuri, nondo zimekokotolewa sawasawa, lakini hakuna mtu katika jengo lile mwenye mamlaka ya kuipitisha. Hela iko kwa muuzaji, na muuzaji hapokei tena simu.

Katika fani yetu ya mipango miji, hilo linaniuma kuliko mengine yote, maana lingeepukwa kwa swali moja tu lililoulizwa kabla ya kutoa pesa. Maombi ya kibali hupimwa kwa maswali mawili, na la kwanza haliihusu nyumba hata kidogo: ardhi hii imepangiwa nini? Kama jengo ni imara, kama vyumba vina hewa na choo kina pa kumwaga maji, hayo huja baadaye. Anayeshindwa swali la kwanza hafikishwi kwenye la pili.

Kwa Tanzania Bara msingi wa jambo hili ni Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango, mtu haruhusiwi kuendeleza ardhi bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri ya jiji, manispaa au mji husika. Na kuendeleza ardhi, kwa mujibu wa sheria, ni jambo pana: kujenga juu ya ardhi, kuchimba chini yake, na hata kugeuza nyumba ya kuishi kuwa baa au karakana bila kugusa ukuta. Nyuma ya sheria hiyo ipo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inayosema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa kipindi, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na amepewa kwa masharti. Isome hati yako mpaka chini: imetaja matumizi yanayoruhusiwa na muda uliopewa wa kuendeleza. Wengi husoma namba ya kiwanja na jina lao tu, kisha huifungia hati kabatini.

Sasa, kabla ya kununua, kuna karatasi tatu zinazotakiwa kusema jambo moja. Ya kwanza ni hati, au barua ya toleo kama hati haijatoka. Ya pili ni ramani ya upimaji, inayoonyesha mipaka ya kiwanja kwa vipimo na mahali mawe ya mpaka yalipofukiwa. Ya tatu, ambayo wanunuzi karibu wote huisahau, ni mchoro wa mipango miji wa eneo zima, ule unaoonyesha wapi ni makazi, wapi biashara, wapi barabara, wapi kiwanja cha michezo. Hati inaweza kuwa halali na bado mawe yakawa yamehamishwa mita kadhaa. Kiwanja kinaweza kuonekana kizuri uwanjani, kumbe mchoro umekigawa kati kwa barabara ambayo haijafunguliwa bado. Ndiyo maana mnunuzi makini hufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua kama kiwanja kina rehani au zuio, humchukua mpima aliyesajiliwa akayasoma mawe, kisha huenda halmashauri na namba ya kiwanja na kitalu akaomba kuonyeshwa mchoro. Gharama ya hayo yote ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya kiwanja. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa haiwezi kushika nafasi ya hatua hizo. Inathibitisha kuwa mlikutana mbele yake mkauziana, basi.

Zipo pia ardhi ambazo hazipewi kibali cha nyumba hata mchoro wa mtaa ukiwa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, mwambao wa ziwa au ukingo wa mto. Dar es Salaam tulikumbushwa sababu yake Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu na kuwaacha wengi bila makazi katika bonde la Msimbazi, na baadhi ya familia zikapewa viwanja kwingine, huko Mabwepande. Mto unapotanuka huchukua njia yake ya zamani, na njia hiyo ndiyo inayolindwa na sheria.

Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Hapo ndipo zilipotoka alama mbili tunazoziona ukutani: X nyekundu kwa aliyeingia kwenye hifadhi, na X ya kijani kwa aliyefuatwa na hifadhi baada ya sheria kubadilika, ambaye anastahili fidia eneo lake litakapotwaliwa. Lakini usiichukulie mita 30 kuwa kipimo cha kila mahali. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na hifadhi iliyosimamiwa pale ilikuwa ya mita 121 kila upande. Uliza kipimo cha barabara iliyo mbele yako, uandikiwe jibu.

Hapa wananchi hunijibu: “Lakini nina umeme, nina maji, na kodi ya jengo nalipa kila mwezi kwenye LUKU.” Naelewa kwa nini inauma. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme, na ni haki mtu kuona kwamba serikali inayopokea fedha yake imemtambua. Kisheria lakini, kodi inafuata jengo lililopo, mita inafuata mteja anayetumia umeme, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachosema jengo lilistahili kusimama pale. Nadhani mamlaka zetu zina deni la kulieleza hili mapema zaidi, siku mteja anapoomba umeme, kuliko siku ya tingatinga.

Swali gumu zaidi ni la walionunua mashamba yaliyokatwakatwa, na hao ni wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi mahali ambapo nyumba zilitangulia na ramani ikafuata. Kwao njia ni urasimishaji. Wakazi wanakubaliana mpangilio wa mtaa wao, kila mmoja anatoa kipande kidogo ili barabara zipite, mchoro unaandaliwa na kuidhinishwa, viwanja vinapimwa, hati zinatolewa, na kuanzia hapo maombi ya kibali yana pa kusimamia. Mambo huvunjikia kwenye kile kipande kidogo. Mwenye nyumba ya kona hataki ukuta wake uguswe, na mtaa mzima unabaki na kichochoro kisichoweza kupitisha gari la zimamoto wala la kunyonya maji taka. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo, na nasema kwa uzoefu: mita mbili zinazotolewa leo kwa barabara huongeza thamani ya kiwanja kuliko mita mbili zinazobaki ndani ya uzio.

Ukishafuzu upande wa ardhi, maombi yenyewe si ya kutisha. Siku hizi huwasilishwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na ada hulipwa kwa kontroo namba. Utaambatanisha uthibitisho wa umiliki, risiti ya kodi ya pango la ardhi, mchoro unaoonyesha jengo lilivyokaa ndani ya kiwanja, michoro ya msanifu aliyesajiliwa, na kama ni ghorofa, michoro ya mhandisi wa miundo pamoja na matokeo ya uchunguzi wa udongo. Wataalamu wa halmashauri huipitia kila mmoja kwa jicho lake: wa mipango miji anatazama matumizi na umbali kutoka mpakani, mhandisi anatazama nguzo na misingi, wa afya anatazama choo, hewa na maji taka. Majengo makubwa hupita pia kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na miradi mingine huhitaji cheti cha mazingira kutoka NEMC, baraza la taifa la mazingira. Maombi mengi hurudishwa kwa kosa la kawaida sana: mchoro ulionunuliwa kwa rafiki, wa nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja kingine, umelazimishwa kwenye kiwanja kisicho na umbo lile.

Ukishapata kibali, kumbuka kuwa umepewa kwa ajili ya michoro ile ile iliyogongwa muhuri. Ukitaka kuongeza ghorofa, kuondoa nguzo ili duka liwe pana, au kuchimba chumba cha chini, ni maombi mapya. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na walioshuhudia walivieleza vyombo vya habari kuwa chini ya jengo lile kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kupanua nafasi ya biashara. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Waliokufa walikuwa wachuuzi, wateja, vijana wa kubeba mizigo, watu ambao hawakuwahi kuona mchoro wowote wa jengo lile. Mwenye nyumba anaweza kuamini kuwa hatari ya jengo ni yake mwenyewe. Sheria haiamini hivyo, nami siamini.

Ndiyo maana kibali huambatana na ukaguzi. Mkaguzi aitwe kabla ya kumwaga zege la msingi, aitwe tena nondo za jamvi zikiwa bado zinaonekana, na aitwe boma linapofikia linta. Zege likishamwagwa, hakuna anayejua kwa macho kilichomo ndani. Fundi akikuhimiza kumwaga usiku au Jumapili “ili tusisumbuliwe”, simamisha kazi.

Na aliyekwisha jenga bila kibali? Asingoje kuandikiwa X ukutani. Amtafute msanifu achore jengo kama lilivyo, na kwa ghorofa amtafute mhandisi alipime, kisha apeleke michoro hiyo halmashauri pamoja na uthibitisho wa umiliki na barua ya kueleza. Kama jengo limo ndani ya matumizi yaliyopangwa, mazungumzo yapo, ingawa huenda akatozwa faini au akatakiwa kurekebisha sehemu. Kama limo ndani ya zile mita 60 za mto, au kwenye hifadhi ya barabara, hakuna mchoro utakaolisaidia, na atakayemwambia kuwa upo, kwa bei fulani, anamuuzia kiwanja kile kile mara ya pili.